Mpira hudunda, godoro je?

Kuna neno la Kiingereza la herufi sita, "bouncy", ambalo lilinila siku mbili katika kazi niliyotarajia kuimaliza kabla ya adhuhuri. Nilipewa orodha ya bidhaa za duka moja la mtandaoni niitafsiri kwa Kiswahili, na ndani yake neno hilo lilijitokeza mara tano: kwenye mpira wa watoto, kwenye godoro, kwenye soli za raba, kwenye shampuu, na kwenye lile jumba la plastiki linalojazwa upepo ambalo watoto hulipanda siku za sherehe. Aliyeandika Kiingereza alilitumia mara zote tano bila kusita. Mimi niliandika "unaodunda" kwenye mpira, nikashuka kwenye godoro nikiwa na nia ya kulinakili neno lile lile, nikakwama hapo hapo. Godoro halidundi. Godoro likianza kudunda, mwenye nyumba ataita mganga.

Kamusi humpa mfasiri kitenzi "dunda" na kumwacha ajitafutie njia ya kupata kivumishi. Wengi hukimbilia "-enye kudunda", na msomaji mwenye haraka huenda asione kosa, ila atahisi kwamba sentensi ina ugeni fulani, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Sioni kwamba tatizo ni upungufu wa msamiati, ingawa ndivyo tunavyopenda kujilaumu kila tunapokutana na neno la kigeni lisilotafsirika kwa neno moja. Tatizo ni kwamba kivumishi hicho cha Kiingereza kinasitiri swali ambalo Kiswahili hakikubali kulisitiri, nalo ni hili: anayeruka ni nani? Mpira huruka wenyewe. Godoro hubaki lilipo na kumwinua aliyelikalia. Jumba la upepo nalo limetengenezwa ili watu waruke juu yake. Hizo ni kazi tatu tofauti, na Kiingereza kimezivika kanzu moja.

Siku ya pili nilikwenda Kariakoo, si kununua bali kusikiliza. Katika duka la magodoro mama mmoja wa makamo alikuwa ameinama juu ya godoro la sponji, akididimiza ngumi katikati na kuiachia, akididimiza na kuiachia, macho yake yakiwa kwenye shimo lililoachwa na ngumi wala si kwenye uso wa muuzaji. "Mwanangu, hili si litabonyea baada ya mwezi?" aliuliza. Kijana akamjibu, "Halibonyei, mama. Hebu kaa uone linavyonesa." Mama akakaa, akajiinua kidogo, akakaa tena, kisha akahamia kwenye la springi lililokuwa jirani, akasema kuwa hilo linamrusha mno na mgongo wake hauliwezi. Katika muda wa dakika tatu watu wawili walikuwa wametumia vitenzi vitatu, kubonyea, kunesa na kurusha, kwa jambo ambalo orodha yangu ililipa kivumishi kimoja, na hakuna kati yao aliyehitaji kufikiri kwanza.

Kunesa ni neno ambalo waandishi wa siku hizi wamelisahau bila sababu. Tawi hunesa ndege anapotua na tena anapoondoka. Ubao uliolazwa juu ya mtaro hunesa mtu anapopita. Mzegazega, ule mti wenye ndoo ncha zote mbili, hunesa begani mwa mchukuzi wa maji, ndoo zikipanda na kushuka kwa zamu, na mchukuzi mzoefu hupatanisha hatua zake na mwendo huo badala ya kushindana nao, maana akishindana nao maji yatamwagika kabla hajafika mlangoni. Nepa ni ndugu yake, ila mkazo wake uko zaidi kwenye kule kupinda chini ya uzito. Vitenzi vyote viwili vinaeleza kitu kinachoupokea mzigo, kikakubali kushuka, kisha kikapanda tena bila kuvunjika, na ndicho hasa ambacho mnunuzi wa godoro anakitafuta kwa ngumi yake.

Dunda ni habari nyingine, kwa kuwa moyo wa neno hilo ni pigo. Bondia humdunda mpinzani wake. Moyo hudunda kifuani. Muziki hudunda, na hapo ndipo tulipopata mdundo. Mpira nao hudunda kwa sababu hugonga chini, na sauti ya kule kugonga ndiyo inayosikika ndani ya neno lenyewe. Ukifuatilia historia ya Kiingereza utakuta kwamba kitenzi chao "bounce" nacho kilianzia hapo hapo: katika Kiingereza cha karne ya 13 kilikuwa na maana ya kupiga au kugonga kwa kishindo, na maana ya kuruka kama mpira iliingia baadaye, katika karne ya 16. Lugha mbili zisizo na ukoo wowote zilisimama mbele ya tukio lile lile, kitu kikagonga na kuinuka, na zote mbili zikalipa tukio zima jina la kishindo chake. Zilikuja kuachana baadaye. Kiingereza kilihamisha uzito wa neno kutoka kwenye kugonga hadi kwenye kuinuka, kisha kikabandika herufi "y" mwishoni na kuligeuza tukio kuwa sifa ambayo kitu huwa nayo hata kikiwa kimetulia rafuni. Kiswahili hakikwenda huko. Kwetu, mpira uliotulia rafuni haudundi, utadunda ukidundishwa.

Mtu anaweza kusema kwamba Kiingereza ndicho kilichofika mbali zaidi kwa kuwa kimeutambua uwezo uliomo ndani ya kitu hata kabla hakijaguswa. Hoja hiyo ina nguvu, na sayansi ya Ulaya iliufuata uwezo huo kwa bidii. Mwaka 1676 Mwingereza Robert Hooke aliogopa kuibiwa ugunduzi wake wa kanuni ya springi, akauchapisha kwa fumbo la herufi zilizovurugwa, "ceiiinosssttuv", na mwaka 1678 akalifumbua kwa Kilatini: kadiri kitu kinavyovutwa, ndivyo nguvu yake ya kurudi inavyokuwa. Nguvu hiyo imo ndani ya springi iliyovutwa, iwe inaonekana au haionekani.

Hata hivyo, vipimo vyenyewe havikubali kwamba sifa hiyo ni mali ya kitu peke yake. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinataka mpira wa kawaida ukiachiwa kutoka kimo cha sentimita 254 juu ya sakafu ngumu uinuke kati ya sentimita 135 na 147, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kimo ulichotoka, kwa kuwa nguvu iliyosalia imekwisha kuliwa na joto na sauti. Sakafu imetajwa katika kipimo, na kimo pia, kwa sababu bila hivyo namba hizo hazina maana. Zaidi ya hapo, kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari wametenga mipira maalumu, ukiwamo ule unaotakiwa kuinuka sentimita 122 hadi 135 tu. Nairobi iko juu ya kimo hicho kwa mamia ya mita. Hewa ya huko ni nyepesi, haiukandamizi mpira kwa nje kama ya pwani, na upepo uliomo ndani huusukuma kwa nguvu zaidi. Mpira uleule uliokuwa na adabu Dar es Salaam huwa mkorofi ukipandishwa huko. Sasa niambie, sifa hiyo ni ya mpira, ya sakafu au ya mji? Naona jibu la kitenzi ni la kweli zaidi kuliko la kivumishi: mpira hudunda hapa kiasi hiki, na kule kiasi kile.

Wacheza kriketi wamelichanganya jambo hili zaidi. Kiwanja cha WACA mjini Perth, Australia, kilijulikana miaka mingi kwa ugumu wa ardhi yake, mpira ukigonga chini unapaa hadi usawa wa kifua cha mpigaji, na watangazaji wa Kiingereza hukiita kiwanja chenyewe "bouncy". Ardhi haikuondoka ilipo hata siku moja. Sisi tungesema kiwanja kinarusha mpira, na msikilizaji ambaye hajawahi kuona kriketi angeelewa mara moja nani kamrusha nani.

Ili nisionekane ninaipendelea lugha yangu kupita kiasi, nikiri kwamba si kila mara Kiswahili hutenganisha mambo haya. Upupu unawasha, na mgongo nao unawasha. Wa kwanza ndiye msababishaji na wa pili ndiye mwathirika, lakini kitenzi ni kile kile, sawa kabisa na Kiingereza ambacho huita "itchy" fulana ya sufu na mgongo ulioivaa. Kila lugha ina mahali inapojiruhusu uvivu. Ninachodai ni kwamba kwenye jambo la kuruka na kurudi hatukuwa wavivu, na mfasiri anayelazimisha kivumishi kimoja anatupa kazi iliyokwisha kufanywa.

Kazi hiyo imefanywa kwa mnyumbuliko. Walimu wetu wa sarufi walitufundisha kuupanga kama jedwali la kukariri, ruka, rukia, rusha, rushwa, tukaukariri na kuusahau baada ya mtihani, bila mtu kutuonyesha kwamba neno lenyewe linatokana na kunyumbua, yaani kukifanya kitu kipindike bila kuvunjika, na kwamba wanasayansi wetu walipohitaji jina la sifa ya mpira na springi walilichukua hapo hapo wakapata unyumbufu. Kitenzi chetu huvutwa namna hiyo na kila kinapovutwa hujibu swali la nani. Kitu kikiruka chenyewe, kinaruka au kinadunda. Kikimfanya mwingine aruke, kinarusha, na abiria wa kiti cha nyuma kabisa cha daladala anajua maana ya gari linalorusha tangu rasta ya kwanza, yaani yale matuta madogo ya barabarani, hasa shokapu zikiwa zimekufa. Kikiwa ni mahali au chombo cha kurukia, kinachukua kile kiambishi cha "-ia" ambacho pia hutupa kisu cha kukatia na maji ya kuogea.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuitetea kauli moja ambayo Waingereza huicheka. Katika nchi zao jumba lile la upepo huitwa "bouncy castle". Katika Kiingereza cha Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye mabango ya wakodishaji na kwenye kadi za mialiko, limeitwa "bouncing castle" kwa muda mrefu, na wajuaji hudai kuwa tumekosea, kwamba tumesema kasri lenyewe linarukaruka barabarani. Hatukukosea. Kiingereza kile kile kina "swimming pool", na hakuna aliyewahi kudhani kwamba bwawa linaogelea. Ni bwawa la kuogelea. Msemaji wa huku ambaye kichwani mwake kuna jumba la kurukia alipoingia katika Kiingereza alichagua umbo ambalo lingeihifadhi maana hiyo, na umbo hilo lilikuwapo tayari ndani ya lugha ya wenyewe. Kwa maoni yangu amesema kwa usahihi zaidi kuliko Mwingereza, ambaye kivumishi chake hakituambii kama ni kasri linaloruka, linalorusha au la kurukiwa.

Mtu akitaka ushahidi mwingine, atazame yale tuliyokopa na yale tuliyoyakataa. Kutoka katika ukoo huu wa maneno tumechukua springi, ijapokuwa mafundi saa wa zamani walikuwa na kamani, neno ambalo shina lake ni jina la upinde katika Kiajemi. Tumechukua lastiki, na kwa fundi cherehani lastiki ni ule utepe unaoingizwa kwenye kiuno cha sketi, haiwi sifa ya kitambaa. Ukitaka kujua kama kitambaa kina sifa hiyo utamuuliza kama kinavutika. Tena usithubutu kumuuliza kama kinarudi, maana kitambaa kinachorudi ni kile kitakachokuwa kifupi baada ya kufuliwa, na atakuambia kwa fahari kwamba chake hakirudi. Tumechukua pia baunsa, ambaye kwa Kiingereza aliitwa hivyo kwa kuwa huwatupa watu nje wakadunda, na tukampanua hadi kijana yeyote anayenyanyua vyuma mtaani akaitwa baunsa hata kama hajawahi kusimama mlangoni mwa baa. Zote ni nomino. Si kwamba tunaogopa kukopa vivumishi. Kutoka Kiarabu tulichukua rahisi, safi na hodari, na vijana wamejichukulia freshi na smati kutoka Kiingereza bila kumwomba mtu ruhusa. Hiki kimoja hakikuingia kwa kuwa mahali pake palikuwa pamekaliwa na vitenzi.

Matumizi ya neno hilo kwa binadamu nayapitia haraka. Kiingereza humwita "bouncy" mtu mwenye furaha isiyotulia, na mara nyingi katika sifa hiyo kuna chembe ya kuchoshwa naye. Mchangamfu ndilo neno letu, ila halina chembe hiyo, kwa hiyo mfasiri mwaminifu ataongeza kwamba mtu huyo hatulii. Yule mtoto mchanga ambaye magazeti ya Kiingereza ya Afrika Mashariki humtangaza kila mara kuwa "bouncing baby boy" hana uhusiano na kuruka. Ni matumizi ya zamani yenye maana ya unene na afya, na bonge la mtoto linatosha. Kuhusu wimbo, wimbo wenye mdundo ni wimbo wenye mdundo.

Panapohitaji kutazamwa kwa makini ni kule ambako neno la kurudi limetoka dukani na kuingia katika siasa za misaada. Waingereza wana neno "resilience", ambalo katika Kilatini lilimaanisha kuruka na kurudi nyuma, na mwaka 1818 mhandisi Thomas Tredgold alilitumia kueleza uwezo wa mbao kupokea pigo bila kuvunjika. Leo linasemwa kuhusu wakulima walioikosa mvua na miji iliyozama katika mafuriko. Kiswahili kimelitafsiri kwa njia mbili. Nyaraka nyingi za serikali na za mashirika hutumia ustahimilivu, wakati habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili zimezoea kusema mnepo, kutoka katika nepa ile ile ya tawi na ubao.

Watu wengi hulicheka neno mnepo, wakisema kuwa halieleweki mitaani, na ni kweli kwamba ukimuuliza mkulima kuhusu mnepo wake atakutazama. Hata hivyo maneno haya mawili hayasemi jambo moja. Anayestahimili amebeba mzigo na anaendelea kuubeba. Ndani ya neno hilo hakuna ahadi kwamba mzigo utashushwa wala kwamba mgongo utanyooka. Kinachonepa kimeshuka chini ya uzito, na uzito ukiondoka kinapanda. Ripoti inayosifu ustahimilivu wa wanakijiji inaweza kuwa inasifu jambo ambalo ingefaa ilione aibu, kwamba wamebaki chini ya mzigo kwa muda mrefu bila kulalamika. Ripoti inayotumia mnepo inajifunga, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuuliza uzito uliondolewa lini na wao walipanda hadi wapi. Ningependa tuulee mnepo kwa sababu hiyo, hata kama tutalazimika kuueleza kwa mfano wa mzegazega kila mara kwa miaka kumi.

Nirudi kwenye orodha yangu. Mpira niliuacha udunde. Godoro nililiandika kwa maneno ya kijana wa Kariakoo: linanesa, halibonyei. Soli za raba nikazipa "zinazokuinua unapokanyaga", maneno mengi kuliko mteja alivyotaka lakini ya kweli. Shampuu ilinipa shida zaidi, hadi binti anayesuka jirani yangu aliponiambia kwamba nywele za namna hiyo wao husema zinacheza. Jumba la upepo nikaliita jumba la kurukia, na moyoni nikajipongeza kwa hilo kuliko kwa yote. Kazi ilirudi baada ya siku mbili ikiwa na sahihisho moja tu. Mteja alikuwa amefuta "jumba la kurukia" na kuandika juu yake "bouncing castle", kwa maelezo kwamba hivyo ndivyo wazazi wanavyolitafuta kwenye simu zao. Nikakubali.